Farasi Aliyefunga Ramadhani

Bagamoyo ilikuwa na punda wa kutosha na hakuna aliyewashangaa. Farasi alikuwa mmoja tu, wa baba yangu, naye alikuwa mbovu. Meno yalikuwa yamekwisha, jicho moja lina ukungu, pumzi inakoroma, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Watoto walizihesabu kweli, na hawakuwahi kukubaliana idadi.

Alitoka shamba la katani. Baba alikuwa karani wa ghala huko kwa miaka mingi, na mashamba yalipotaifishwa meneja Mzungu alifunga mizigo yake akarudi kwao. Farasi hakuingia kwenye sanduku. Wenzake baba waliachiwa viti, mmoja akaachiwa gramafoni, baba yangu akaachiwa farasi. Alimleta mjini akimkokota kwa kamba, wote wawili kwa miguu, kwa sababu hakuwahi kupanda mnyama maishani mwake na hakuona haja ya kuanza uzeeni. Jina alilokuja nalo lilikuwa la Kizungu na lilitushinda. Tukamwita Farasi, kwani hakukuwa na mwingine wa kuchanganywa naye.

Mwaka huo huo mama yangu alifariki. Nayataja mambo haya pamoja kwa kuwa ndivyo yalivyokuja. Wakati ule sikuona kama yanahusiana.

Mimi nilirudi nyumbani mwaka uliofuata kutoka Pangani, nimeachika. Mume wangu alisema nina mdomo, na katika hilo alisema kweli. Nyumbani nilimkuta baba, dada yake baba ambaye ndiye aliyeshika nyumba tangu msiba, kaka yangu, na huyo Farasi, ambaye ndiye aliyetunzwa kuliko sote. Kila siku baba akitoka msikitini alfajiri hakuingia ndani. Alichukua chupa ya chai na vitumbua vilivyofunikwa kwa sahani, akapitia uani hadi bandani, akajifungia huko mpaka jua limepanda.

"Vitumbua vya mchele safi," shangazi alikuwa akisema, "anapewa mnyama."

Mchana tukikaa mkekani, baba alimega matonge mawili, akasema alhamdulillahi, akanawa. Tulidhani ni umri. Na mimi nilimwonea wivu yule mnyama, nasema waziwazi. Nilikuwa nimerudi kwa baba yangu na moyo umevunjika, na baba yangu asubuhi zake zote alimpa farasi.

Siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani tumbo lilimshika baba. Likamkunja hadi ikabidi apelekwe hospitali Dar es Salaam, na huko ikaamuliwa apasuliwe. Siku ya kuondoka, kaka amemshika mkono ili ampandishe kwenye gari, baba alinigeukia mimi.

"Farasi," akasema. "Nikirudi nimkute."

Shangazi alikuwa amesimama pale pale, ncha ya kanga mdomoni, machozi yanamtoka. Hakuachiwa neno.

Basi nikawa na mgonjwa wangu. Siku ya kwanza nilimpa nyasi. Alizitafuna, akazigeuzageuza, kisha akatema bonge lililoviringwa vizuri na kuliacha miguuni pangu, kama mteja anayerudisha kitu dukani. Nikampa pumba kavu, akakohoa hadi nikadhani ndiyo mwisho. Mashudu ya nazi aliyanusa na kufumba macho. Matembele aliyakanyaga. Shangazi, pamoja na maneno yake yote, alimpikia uji wa mtama uliotiwa sukari guru, uji ambao mimi sikupikiwa hata nilipougua surua. Farasi alichovya pua, akapiga chafya, na uji ukatupata sisi wawili usoni.

Nikaenda kumwita bwana mifugo. Alikuwa mtu wa bara, amezoea ng'ombe wa pande za Vigwaza, na alitamka mapema kabisa kuwa farasi alimsoma chuoni tu, hajapata kumshika. Hata hivyo alimshika. Alimfungua kinywa, akaingiza mkono hadi nusu ya kigasha, akautoa na kuupangusa kwenye suruali.

"Meno ya nyuma yamelika. Humu hamna kinachosaga. Mlowekeeni pumba laini kwa maji ya vuguvugu, mtie na chumvi kidogo. Lakini mpeni kidogo kidogo, asubuhi mpaka jioni. Msimpe mlo mmoja mkubwa. Farasi hatapiki, dada. Tumbo likimsokota ndiyo kwaheri."

"Na asipotaka?"

Akamtazama Farasi kwa muda. "Anaweza kula. Hataki tu. Kwa nini hataki, hilo hatukufundishwa."

Nikafuata maelezo yake kama anavyofuata mtu aliyeandikiwa dawa. Pumba zilikuwa laini, maji vuguvugu, chumvi ya kiasi. Farasi alionja, akainua kichwa, akatazama mlango wa banda, akangoja. Sikujua anangoja nini. Nilimwambia baba yangu hayupo, yuko Dar, na akiendelea hivi atamuudhi. Aliendelea hivyo.

Mwezi ukaandama. Sasa, uani kwetu jamvi la kufuturia tulilitandika karibu na banda, kwa kuwa ndipo penye upepo. Jioni ya kwanza, adhana ya magharibi ikalia, sisi tukatia tende kinywani, na Farasi, ambaye mchana kutwa hakugusa kitu, akaingiza kichwa horini akala. Jioni ya pili vivyo hivyo. Ya tatu jirani yetu, mama muuza vitumbua, alikuwepo akashuhudia kwa macho yake, na kilichoshuhudiwa na mama yule hakikuhitaji gazeti.

Ikaenea mjini kuwa farasi wa karani amefunga. Wanaume walikuja baada ya sala ya alasiri, wakamtazama kwa heshima, wakaguna. Mvuvi mmoja wa Mlingotini alikuja na wanawe wawili wavivu wa kufunga, akawasimamisha mbele ya banda akawaambia, "Haya, mwoneni. Mnyama!" Shangazi alikuwa akiwapokea wageni mlangoni na ushungi mpya. Mnyama ambaye mwezi uliopita alikuwa mla vitumbua vyetu sasa alikuwa baraka ya nyumba.

Maalimu wa msikitini, alipoulizwa, hakuzunguka. "Mnyama hana saumu," alisema. "Huyu ana njaa. Mpeni chakula."

"Tunampa, maalimu," shangazi akajibu. "Mbona hali?"

Maalimu akasema Mungu ndiye ajuaye, akawahi darsa.

Ila chakula cha jioni peke yake hakikumtosha, na kumjaza kwa mkupuo tulikwisha katazwa. Mifupa ya nyonga ikachomoza, ngozi ikalegea shingoni. Siku moja ya jua kali nilimkuta amelala ubavu, mguu mmoja unatetemeka. Nilipiga kelele. Majirani waliingia, tukamsukuma, tukamvuta, akasimama akiyumba. Walipoondoka shangazi alikaa chini kwenye vumbi, yeye asiyekaa hata kwenye kiti kabla hajakifuta.

"Akifa huyu," alisema, "nani atamwambia kaka yangu?"

Kuanzia siku hiyo hakumtaja tena kuwa amefunga. Na mimi niliingiwa na hofu ambayo sikuipata hata siku ile nilipoachwa. Nilimwona baba akishuka garini, tumbo limeshonwa, anapita uani kuelekea bandani, na banda ni tupu.

Kaka alibaki Dar kumuuguza, akawa akija kila Ijumaa kuchukua nguo safi. Ijumaa hiyo alisema baba amepasuliwa salama lakini hali. Uji wa hospitali anaurudisha, supu anairudisha. Anachouliza ni kimoja tu, Farasi anakula?

"Mwambie anakula," nikasema.

Kaka alichungulia bandani, akanitazama, akachukua nguo akaondoka.

Siku mbili baadaye nikaingia mwezini, na mwanamke aliye mwezini hafungi. Ruhusa hiyo ni ya dini, lakini adabu za mji zina sharti lake, kwamba usionekane. Jiko letu dirisha lake lilitazama barazani, na barazani walishinda wanaume wakingoja magharibi. Nikachukua muhogo wa nazi uliobaki daku, nikaufunika kwa kanga, nikaenda kujificha mahali pekee ambapo hakuna aliyefika saa ile. Nikageuza ndoo bandani, nikaikalia, nikala.

Nikasikia kitu kinateleza na kulamba. Kugeuka, Farasi yumo horini.

Nikaacha kutafuna. Akainua kichwa. Tukatazamana, mimi na jicho lake zima. Nikamega muhogo mwingine, naye akarudi horini. Nilifanya hivyo mara nyingi, nikiacha na kuanza, kwa sababu sikuyaamini macho yangu, na kila mara alikuwa nami sawia. Nilikwisha shiba zamani, lakini horini bado mlikuwa na pumba, basi nikaumaliza muhogo wote. Yule mnyama hakuwa amefunga wala hakuwa akichagua. Alikuwa hataki kula peke yake. Jioni tulipofuturu karibu na banda alipata wenzake, na sisi tukaiita ibada.

Siku zile nilikula kama mjamzito. Asubuhi, kabla ya adhuhuri, adhuhuri, baada ya adhuhuri, nikihamisha vyakula chini ya kanga. Farasi alipata nguvu za kusimama wima. Mimi ndiye niliyenenepa kwanza.

Kisha siku zangu zikaisha, nikaoga, nikarudi kwenye saumu. Tatizo likarudi nami.

Nilijaribu kumdanganya. Nilikaa kwenye ndoo, nikatafuna hewa. Alinisogelea, akaninusa mdomo, akageuka. Nikaazima mbuzi ili awe mwenzake, na mbuzi alikula pumba zake, na za Farasi, na kipande cha kamba. Nikawafikiria Wakristo wa kule misheni, ambao wangekula mchana bila tabu, lakini nitaanzaje? Kumwendea mtu usiyemjua ukamwalika aje ale na farasi wako si jambo la kusema na uso mkavu, hata kwa mwenye mdomo kama wangu.

Siku hiyo hiyo jirani alinikuta nimekaa bandani nimeshika shavu, na kwenye hori pumba zinapoa. Yeye hakujua kubisha hodi, alijua kuingia.

"Una nini, mwanangu?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamweleza yote, tangu muhogo. Alinisikiliza mkono kiunoni.

"Kumbe ulikuwa kobe, unakula mchana kwa kificho!"

"Nilikuwa na ruhusa."

"Na huyu?"

"Huyu mzee na mgonjwa. Ana ruhusa mbili."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Alipomaliza alijipangusa macho, akamtazama Farasi, zile mbavu, ule ukungu wa jicho, na cheko likamwisha. "Basi," akasema, "mji huu una wanawake wangapi? Kila siku yuko mwenye ruhusa."

Kesho yake asubuhi alikuja mke wa fundi cherehani, bakuli limefunikwa, akasema amekuja kumtazama mgonjwa. Nikampa ndoo. Alikula wali wa daku bila haraka, amempa mgongo mlango, na Farasi akala naye. Adhuhuri akaja mwingine, aliyekuwa ananyonyesha, na mtoto wake. Wakaja mabinti wawili, dada kwa dada, wakila na kucheka. Akaja bibi mmoja mkongwe sana ambaye saumu ilikwisha mshinda miaka mingi lakini aliona haya kula mbele ya wajukuu. Aliniambia hiyo ndiyo Ramadhani ya kwanza aliyopata kula chakula chake cha mchana kwa raha, maana alikuwa na mtu wa kula naye. Akawa anakuja kila siku.

Wengi hao walikuwa wamezoea kula wamejibanza, nyuma ya mlango, wima, tonge likifukuza tonge. Bandani walikaa. Walipiga soga. Walimsimulia Farasi habari za waume zao, naye alizipokea kichwa kikiwa horini.

Shangazi nilichelewa kumwambia kwa kuwa baraka ilikuwa yake. Nilipomwambia alivuta tasbihi mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaupeleka mkeka wake karibu na mlango wa ua, akawa yeye ndiye anayepokea bakuli, anayeuliza hali, anayesema ngoja kidogo mwenzio hajamaliza. Hakuna muuguzi aliyewahi kulinda wodi namna ile. Ni yeye aliyemwambia jirani, kwa sauti ya chini, kwamba mke mdogo wa nyumba ya pili amekuja siku nyingi kuliko kawaida na itafaa mama mkwe wake aanze kununua ndimu. Ilikuwa kweli.

Wanaume barazani waliwaona wanawake wakipita na mabakuli yaliyofunikwa, mchana wa Ramadhani, kwenda kumtazama farasi. "Wanawake wa mtaa huu wana huruma," walisema. Kama kuna aliyefikiria zaidi ya hapo, alikuwa na akili ya kutosha kukaa kimya.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia kaka, "Mwambie baba anakula," na safari hii nilimpeleka bandani akaona. Akafurahi. Ijumaa ya baada ya hapo alirudi amekunja uso.

"Nimemwambia. Akaniuliza swali la ajabu. Nadhani ile dawa ya usingizi bado haijamtoka."

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza, na nani?"

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Nikaiweka chini.

"Mwambie na watu," nikasema. "Mwambie hajala peke yake."

Kaka aliupeleka ujumbe bila kuuelewa, kama alivyoagizwa. Aliporudi alisema baba ameomba uji.

Baba alirudi siku ya pili ya Idi. Alikuwa amekonda kiasi kwamba yeye na Farasi waliposimama pamoja uani hukujua umwonee nani huruma. Farasi alimwekea kichwa kifuani, pale pale karibu na mshono, na baba hakumwondoa.

Asubuhi yake alitoka msikitini, akachukua chupa ya chai na vitumbua, akaenda bandani. Mimi nilikuwa na pumba mkononi, basi nikaingia nyuma yake bila kualikwa. Alikuwa amekaa kwenye ndoo ile ile. Alimega kitumbua, akakitia kinywani mwake. Farasi akala. Akamega kingine. Vile vitumbua alivyolalamikia shangazi miaka yote, hakuna hata kimoja alichopewa mnyama.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza. "Alikaribia kufa."

Alitafuna hadi akameza.

"Ningesemaje? Ningesema nenda ukale naye, ungeniuliza kwani wewe hula naye?" Akamimina chai. "Mle ndani, mkekani, mama yako alikuwa akikaa mkono wangu wa kulia. Tonge halishuki. Nilitoka huku siku moja na chai yangu, huyu naye alikuwa amegoma tangu nimtoe shambani. Nikala. Akala."

Iliniuma kwamba alikuwa na watu watatu ndani na akaenda kula na farasi. Na papo hapo nikamhurumia hata nikatamani kulia, kwa zile asubuhi zote nilizomwonea wivu mnyama aliyekuwa akimlisha baba yangu. Nikamwaga pumba horini nikatoka.

Farasi aliishi mwaka na kitu baada ya hapo. Alikufa masika, mwenyewe, kwa uzee, bila kumsumbua mtu. Wanawake wa mtaa walikuja kutupa pole, na hakuna mwanaume aliyeelewa kwa nini yule bibi mkongwe alilia kama amefiwa na shoga yake.

Asubuhi iliyofuata baba alirudi kutoka msikitini akaenda moja kwa moja chumbani. Shangazi alimpelekea chai, ikapoa. Akampelekea nyingine. Mchana hakuja mkekani, alisema ameshiba. Jioni vile vile. Kaka alisema mpeni muda. Shangazi alisema aitwe daktari.

Kulipokucha nikachukua sahani ya vitumbua, chupa ya chai na vikombe viwili. Nikaenda uani nikaichukua ile ndoo, nikaiingiza chumbani kwa baba. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama mlango. Sikumsalimu, sikumkaribisha. Niligeuza ndoo, nikaikalia upande wake wa kushoto, kulia nikapaacha wazi. Nikachukua kitumbua nikaanza kula bila kumtazama, natafuna kwa sauti kidogo.

Nilikuwa nimefika cha pili aliponyoosha mkono.